Mzigo mwepesi wa Rwenzori hauanzii dukani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mabegi ya vijana wetu wanaopanda milima, hasa Rwenzori, hapa magharibi mwa Uganda. Kila likizo vikundi vinaongezeka, vya vyuo, vya makanisa, vya maofisini, na kabla kikundi hakijatoka Kampala au Mbarara kuja Kasese, orodha ya vifaa vyepesi huwa imeshazunguka kwenye simu za wote. Ukiisoma unatambua ilikotoka: Marekani, kwa watembeaji wa njia ya Pacific Crest, inayotoka mpaka wa Mexico hadi Kanada. Ni orodha nzuri kwa walioitunga. Kiangazi cha California hupitisha wiki bila tone, na soksi hukauka mtu akiwa amekaa anakula. Huku kwetu Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi yenye nafuu, lakini nafuu hiyo ni ya mvua kupungua tu. Mwezi wa ukavu Rwenzori haupo.

Kifaa kilichopunguzwa gramu kwa ajili ya nchi kavu kikifika kwenye unyevu hunywa maji, kikazidi uzito wa kile ulichokiacha nyumbani, na kazi yake hakifanyi tena. Anayetaka wepesi huku aanze na maji, gramu zifuate.

Wamarekani huhesabu uzito wa msingi, yaani begi na vyote vilivyomo ukitoa chakula, maji na mafuta ya jiko. Aliye chini ya kilo 4.5 huhesabiwa kuwa mwepesi kupita wote. Kwa mzunguko wa kati wa Rwenzori, kutoka Nyakalengija kupitia vibanda vya Nyabitaba, John Matte, Bujuku na Elena, kisha kuteremka kwa Kitandara na Guy Yeoman, kilo 7 hadi 8 ndiyo hesabu ya kweli, tena kwa sababu unalala vibandani na hema hulihitaji. Anayejisifu kwa kilo 4.5 huko ama ameacha nguo za kulalia, ama vitu vyake vimo kwenye mzigo wa mpagazi. Hili la pili linaniudhi. Ukiutoa uzito begini mwako haujapotea. Umemwongezea kijana wa Kikonzo anayekutangulia kwenye tope. Anayepima begi lake ajumlishe na sehemu yake katika mzigo wa mpagazi, ndipo atangaze kilo.

Sasa maji. Kifuniko cha mvua kinachovalishwa begi kwa nje kiachwe nyumbani. Hakifiki upande wa mgongoni, na huko ndiko maji yanakopita: yanatoka shingoni, yanafuata mikanda, yanaingia kwa nyuma, halafu yanatuama ndani ya kifuniko chenyewe kwenye kitako cha begi, pale pale watu wengi wanapoweka mfuko wa kulalia. Badala yake weka kavera nene, yaani mfuko wa plastiki, kwa ndani. Lile la ndani ya gunia la sukari la kilo 50 linafaa sana: ni refu, ni gumu kuliko mifuko ya takataka, halizidi gramu 100 hivi, na wenye maduka ya jumla huliuza kwa pesa ndogo. Lioshe sukari yote itoke, la sivyo sisimizi watakutembelea Nyabitaba. Litandaze ndani ya begi, panga vitu vikavu, kandamiza hewa itoke, sokota shingo mara nne au tano, ikunje ielekee chini, kisha ifunge kwa ukanda wa tyubu ya bodaboda. Fundo la kawaida halitoshi, kwa kuwa maji hupenya kwenye mikunjo yake. Kabla ya safari jaza karatasi za chooni ndani ya kavera, lifunge hivyo hivyo, lizamishe kwenye karai la maji kwa dakika mbili. Karatasi ikitoka na doa, tafuta tundu au tafuta kavera lingine. Na likichanika mlimani, rudi nalo. Kule ni hifadhi ya taifa.

Ndani ya kavera viingie vitu vinne tu: mfuko wa kulalia, nguo za kulalia, koti la joto na soksi za usiku. Koti la mvua lililolowa lisiingie humo kamwe, hata kwa dakika moja wakati wa kupumzika. Lina mfuko wake wa nje.

Linalowashinda wengi ni la asubuhi. Nguo za kutembea zikilowa jana, leo zinavaliwa zile zile, mbichi na baridi. Ukiona uchungu ukavaa zile kavu, saa tatu zimeshalowa, na usiku unaingia kibandani huna uzi mkavu. Mtu akifuata sheria hii hahitaji jozi nne za nguo: ana moja mwilini na moja ya kulalia, basi. Hapo pekee begi linapungua kilo moja na nusu au mbili, bila kununua kitu. Suruali ya jinzi isionekane kabisa, maana pamba ikilowa hukaribia uzito wake mara mbili, haikauki, na inafyonza joto la miguu. Fulana za michezo za nailoni au poliesta zinatosha, na juu yake sweta la flisi la gramu 300. Glavu ziwe jozi mbili, moja ya kulowa.

Kuhusu makoti ya mvua yanayosemwa yanapumua: hutoa jasho nje pale tu hewa ya nje inapokuwa na nafasi ya kulipokea. Ndani ya ukungu wa Bujuku nafasi hiyo haipo, kwa hiyo utalowa kwa ndani ukitembea haraka. Chagua koti lenye zipu za makwapani, vua sweta kabla ya kupanda badala ya kungoja jasho, na punguza mwendo. Mwavuli mdogo wa gramu 250 ni kifaa kizuri ajabu ndani ya msitu hadi Nyabitaba, lakini juu ya hapo upepo na vichaka vitaumaliza.

Viatu ndipo orodha ya Marekani inapokosea zaidi. Inashauri raba nyepesi za wavu kwa hoja kwamba uzito wa mguuni huchosha kama mara tano ya uzito huo huo mgongoni, na raba ikilowa hukauka ukitembea. Hoja ya kwanza ni kweli. Ya pili inavunjikia Bigo, lile tope kati ya John Matte na Bujuku. Sehemu zimewekewa njia za mbao, lakini tope limebaki la kutosha, kwenye mita 3,500 na zaidi, ambako mguu uliolowa siku tatu hufa ganzi, ngozi ikaanza kuvimba na kuchubuka. Viatu vya ngozi vikilowa hapo hubaki vimelowa hadi urudi Kasese. Gambuti za kawaida, zile za wakulima, jozi yake karibu kilo 2, ndizo zinazovuka. Wapagazi hawavai gambuti kwa kukosa viatu vingine. Wanajua mlima wao.

Ubaya wa gambuti ni kwamba hazina kamba, kwa hiyo kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, na malengelenge hutoka hapo. Nunua kubwa kwa namba moja. Ndani weka soli nene ya kuchomoa, kisha soksi nyembamba ya nailoni, na juu yake soksi nene ya sufu. Soksi mbili husuguana zenyewe kwa zenyewe badala ya kusugua ngozi. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino bila kusukumwa. Kikikosa nafasi, kucha za miguu zitakuwa nyeusi kwenye mteremko wa Freshfield, kati ya Kitandara na Guy Yeoman. Soksi ya nje ipite juu ya mdomo wa gambuti, vinginevyo ukingo wake utakata muundi. Bandika plasta ya kitambaa kisiginoni asubuhi ya kwanza, kabla ya maumivu. Jioni chomoa soli uikaushe kando. Ikiachwa ndani haikauki hata usiku kucha.

Anayekwenda Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mita 5,109, atahitaji pia viatu vigumu vya barafu, meno ya chuma, mkanda wa kamba na shoka la barafu. Vyote hukodishwa. Jaribu meno ya chuma kwenye viatu vyako ukiwa bado chini, maana yakicheza hata kidogo yatachomoka kwenye barafu. Asiyekwenda kileleni aviache vyote, wala asione haya; atakuwa amempunguzia mtu kilo 4.

Mfuko wa kulalia huzua ubishi usioisha. Manyoya ya bata ni mepesi kuliko nyuzi za viwandani kwa joto lile lile, tofauti ikiwa gramu 300 hadi 500. Yakilowa hujikunja madonge na joto linaisha. Hata bila mvua, mwili hutoa mvuke usiku kucha, unaingia kwenye manyoya, na bila jua unaongezeka kila siku. Usiku wa sita mfuko si ule wa usiku wa kwanza. Kwa Rwenzori ya siku saba au nane ningechagua nyuzi. Kwa Elgon ya siku nne katika Januari, kupanda kwa Budadiri hadi Wagagai na kushuka, manyoya yanafaa, na huko hema utalihitaji. Ukisoma lebo, angalia joto la starehe, usidanganywe na ile namba ya chini ya ukomo, ambayo ni ya mtu aliyejikunja akistahimili. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Elena, mita 4,541, usiku hushuka chini ya sifuri. Tafuta starehe ya sifuri hadi nyuzi 5 chini yake.

Godoro la sponji lisije. Matundu yake yamefunguka, linanywa maji kama kitambaa cha deki. Godoro jepesi la povu lenye matundu yaliyofungwa, unene wa sentimita moja na nusu hadi 2, lina gramu 400 hivi; litambue kwa kukata kipande kidogo pembeni na kukiminya ndani ya maji: kikielea bila kunywa, ndilo.

Niingie Owino, soko la mitumba la Kampala, maana wengi wetu hatununui vitu hivi vipya, na hakuna aibu. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa miaka 67, alitembea njia yote ya Appalachian kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko alioushona mwenyewe begani, raba za turubai, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Mitumba ya Owino ina makoti na mahema bora kuliko yake. Lakini ina ugonjwa mmoja ambao wauzaji hawausemi, na wengine hawaujui: poliurethani iliyozeeka.

Plastiki hii ndiyo iliyopakwa ndani ya mahema, mabegi na makoti mengi ili yazuie maji, na ndiyo soli ya kati ya viatu vingi vya milimani. Mvuke wa hewa huivunja taratibu kwa miaka, hata kama kitu hakijatumika, na joto pamoja na kufungiwa ndani ya mfuko wa plastiki huharakisha. Hema huanza kunata, kisha kunuka kama matapishi, kisha utando unabanduka vipande vyeupe. Kwenye duka, geuza sakafu ya hema ndani nje na uisugue kwa gumba kavu. Ikinata au ikiacha vumbi, liache hata kwa shilingi elfu tano, kwa sababu utando uliooza haurudi. Utepe wa mishono uangalie kwenye pembe, ndiko unakoanza kuachia. Nailoni iliyopakwa silikoni haina ugonjwa huu; inateleza mkononi na haina harufu.

Viatu ni hatari zaidi, maana hupendeza hadi dakika ya mwisho. Kiatu kilichokaa kabatini Ulaya miaka minane au kumi, ngozi ing'aavyo, chaweza kuacha soli saa chache tu baada ya kuanza safari. Tazama ubavuni, juu kidogo ya soli ya chini: mistari midogo kama ufa wa chungu ni dalili. Bonyeza hapo kwa ukucha. Pakibaki pamebonyea au yakidondoka makombo, kimekwisha. Kisha kikunje vidoleni mara ishirini mbele ya muuzaji. Anayekukataza kukikunja amekujibu. Na hata kikipita, mlimani beba mikanda mitatu ya tyubu. Soli ikiachia, funga moja mbele ya vidole, moja chini ya unyayo, moja kwenye kifundo, utarudi nyumbani.

Mfuko wa manyoya uumulike juani: mabaka yenye mwanga ni sehemu zisizo na kitu. Uminye, uuachie, uone kama unajaa tena. Madonge mengi ni mafuta ya mwili na unyevu, na hayo huoshwa kwa sabuni laini kidogo kwenye beseni, suuza mara tano, usikamue, uinue kwa mikono miwili maana ukining'inia manyoya yatapasua kuta za ndani. Kuukausha ni siku mbili za kivuli chenye upepo, ukivunja madonge kwa vidole kila baada ya muda. Zipu isiyoshika mara nyingi haina kasoro ya meno. Ni kichwa chake kilichopanuka. Kibane kwa koleo kidogo kila upande. Na nenda na mzani wa kuning'iniza, kwa kuwa Owino kila kitu ni chepesi kwa maneno.

Chakula sitakaa nacho sana, ila matooke yasipande mlima. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, kabla hujahesabu maganda. Maharagwe makavu nayo, Elena maji huchemka karibu nyuzi 85, yatamaliza mafuta yako na bado yatakuwa magumu. Kwa mtu mmoja kwa siku: unga wa posho au mchele gramu 250, chapati au biskuti 200, karanga za kusaga 100, sukari 60, maziwa ya unga 50, mukene mkavu (dagaa) 50, mafuta ya kula 30. Hizo ni gramu 740 na karibu kalori 3,000. Uji wa wimbi asubuhi hupikika kwenye joto hilo bila shida. Maji ya kunywa yanapatikana njia nzima ya Rwenzori, kwa hiyo lita moja mkononi yatosha. Kwa mlima Muhabura beba lita 3 tangu chini. Chemsha dakika tatu. Kichujio cha mirija myembamba kikiganda hupasuka ndani bila kuonekana nje, kitaendelea kutoa maji na hayatakuwa salama. Usiku kilale nawe.

Umeme: paneli ya sola ya kukunja ni gramu 400 au zaidi za bure chini ya mawingu yale. Pawabanki ya mAh 10,000, gramu 200 hivi, hujaza simu ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani. Pakua ramani ukiwa mjini, weka simu kwenye hali ya ndege. GPS itaendelea kufanya kazi bila mtandao. Betri baridi hujizima ikiwa na asilimia 30, basi ilaze kifuani. Tundu la chaja likilowa usilazimishe kuchaji. Ligeuze chini, lisubiri. Taa ya kichwani igeuzie betri moja mchana ili isijiwashe begini. Fimbo za kutembelea ziwe na visahani chini, la sivyo Bigo itazimeza, na kufuli zake ziwe za kubana kwa nje. Zile za kusokota hujaa tope na kuteleza.

Ombi langu ni kwa wanaopanga safari hizi, viongozi wa vikundi na kampuni za utalii. Orodha mnayotuma iwe na safu ya gramu mbele ya kila kifaa, na mwenye begi aijaze kwa mzani kabla hajalipa nauli. Kwenye malango ya Nyakalengija na Kilembe mabegi yapimwe mbele ya wenyewe, la mgongoni na la mpagazi pamoja, na kinachozidi kibaki stoo hadi mtakaporudi. Wenye maduka ya vifaa Kampala nao waandike uzito kwenye lebo karibu na bei.

Mtembea milima,
Kasese